Italia au Hispania? Kwa anayetaka kuishi kwa historia ya sanaa ya karne ya 16 na 17

Wareno ndio waliojenga Ngome ya Yesu, Mombasa, kati ya 1593 na 1596. Hilo tulikaririshwa shuleni. Hatukuambiwa kwamba aliyeichora, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano wa Milano. Wala hatukuambiwa kwamba mfalme wa Ureno wakati huo alikuwa Felipe II wa Hispania, kwa sababu tangu 1580 hadi 1640 mataji mawili yalikaa kichwa kimoja, na kwamba Milano yenyewe alikotoka Cairati ilikuwa chini ya huyo huyo Felipe. Ukuta niliokuwa nikiupita utotoni kwenda kununua viazi karai ulikuwa na Italia na Hispania ndani yake, umepandishwa kwa matumbawe ya kwetu.

Nilipomwambia ami yangu kwamba nataka kusomea historia ya sanaa ya Ulaya, alikizungusha kikombe cha kahawa mkononi, akanitazama, akauliza: “Mwanangu, hizo picha za Wazungu zitakulisha?”

“Zitanilisha, ami, ila zitachelewa kupakua.”

Zilichelewa kweli. Siku hizi swali linanijia mimi, kutoka kwa vijana wenye shahada ya kwanza ya historia, sanaa, au lugha. Hawa hawaulizi kama watakula. Wanauliza wakae meza ipi, ya Waitaliano au ya Wahispania, kwa maana wanajua ukishaandika tasnifu ya uzamivu upande mmoja, kuhamia upande wa pili ni kama kuanza kujifunza kutembea.

Jibu langu la kwanza huwaudhi. Nawaambia wasahau picha kwa muda. Caravaggio, mchoraji wa Italia, utampenda, Velázquez, mchoraji wa Hispania, utampenda, Tiziano wa Venezia hata hahitaji kutetewa. Mapenzi ya picha hayakusaidii kuchagua kwa sababu yapo pande zote mbili. Kazi ya chuo kikuu katika fani hii inafanyika kwenye karatasi: mikataba, barua, hesabu, kesi, wosia. Unachochagua ni karatasi za nani utazisoma kwa miaka 10 bila kuzichukia.

Karatasi zenye umbea na karatasi zenye mhuri

Italia haikuwa nchi moja hadi 1861. Kila mji ulikuwa na serikali yake, na kila serikali ilihifadhi makaratasi yake. Ukichagua Italia, kwa hiyo, huchagui Italia; unachagua Firenze, au Venezia, au Roma, au Bologna, na ukishaingia humo unakuwa mkazi. Hifadhi ya nyaraka ya Firenze ilikuwa ndani ya jengo la Uffizi, ikalowa katika mafuriko ya mto Arno ya tarehe 4 Novemba 1966, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ikahamishiwa Piazza Beccaria. Ndani yake kuna barua za ukoo wa Medici, uliotawala mji huo, na barua hizo zinasema kila kitu: nani kaugua, sanamu gani imefika imevunjika mguu, balozi gani kaonekana akinong’ona na nani.

Roma nayo ina mahakama. Tunachokijua juu ya maisha ya Caravaggio kimetokana kwa sehemu kubwa na majalada ya polisi na korti. Mwaka 1604 mhudumu wa mkahawa alikwenda kushtaki kwamba mchoraji huyu kamrushia usoni sahani ya artichoki, mboga ya kwao, kisa kauliza zipi za siagi na zipi za mafuta na hakupenda alivyojibiwa. Kesi ya 1612 ambamo babake mchoraji Artemisia Gentileschi alimshtaki mchoraji mwenzao Agostino Tassi kwa kumnajisi binti yake imehifadhiwa Roma, na ushahidi wa binti mwenyewe umo. Mtu anayesoma karatasi za namna hii anasikia sauti. Ndiyo maana nasema karatasi za Italia zina umbea, na sisemi hivyo kwa dharau. Umbea ni historia ambayo haijavaa koti.

Za Hispania zina mhuri. Himaya ile ilitawaliwa kwa kalamu. Ngome ya Simancas, kijiji kilicho kilomita kama 10 kutoka Valladolid, ilianza kugeuzwa hifadhi ya nyaraka za dola katika miaka ya 1540 chini ya Carlos V, na mwanawe Felipe II akaijaza, yeye akiwa mfalme aliyetaka kila jambo limfikie kwa maandishi. Sevilla kuna Hifadhi ya Nyaraka za Indies, yaani za makoloni ya ng’ambo, iliyoanzishwa 1785 katika jengo ambalo awali lilikuwa la wafanyabiashara. Kule Madrid kuna jalada la uchunguzi uliofanywa Diego Velázquez alipotaka kuvishwa joho la Santiago, chama cha heshima cha makabaila. Waliohojiwa walizidi 100. Waliulizwa kuhusu damu ya babu zake, na waliulizwa swali ambalo kwetu sisi ndilo tamu zaidi: je, huyu bwana aliwahi kuuza picha kama fundi mwenye duka? Mashahidi wakajibu kwamba hapana, alichora kwa ajili ya kumridhisha mfalme tu. Ulikuwa uongo wa adabu, kila mtu akijua, na joho akapata 1659. Akafa mwaka uliofuata.

Unaona tofauti. Italia inakuonyesha msanii akigombana na mhudumu. Hispania inakuonyesha msanii akipita mbele ya kamati. Kuna watu ambao kamati zinawaua kwa usingizi, na kuna wengine, mimi nikiwa mmoja wao, ambao hupata raha ya ajabu kuona jinsi hadhi ya mtu inavyotengenezwa ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliye bora. Ila ukienda Simancas ukitafuta umbea utarudi na mafua tu, maana baridi ya Castilla si ya mchezo.

Kisha kuna mwandiko. Hapa Italia inaonea huruma wageni zaidi. Barua za ofisi za karne ya 16 mara nyingi zimeandikwa kwa mwandiko uliolala, safi, ambao mwanafunzi huuzoea katika majuma machache. Hati za wafanyabiashara ni ngumu kidogo, lakini hufunguka. Hispania ina mwandiko wa makarani wa korti na wa mikataba, ambapo karani hakunyanyua kalamu kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Maneno yameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Wahispania wenyewe zamani walitania kwamba hata shetani hawezi kuusoma. Mwezi wangu wa kwanza nilimaliza mistari 6 kwa siku, na miwili kati ya hiyo ilikuwa na makosa.

Upande mwingine, Hispania imekuwa karimu mtandaoni. Tovuti ya PARES ya wizara ya utamaduni inakuwezesha kufungua mamilioni ya kurasa kutoka hifadhi za taifa ukiwa Tabora au Goma, bure. Italia imetawanyika kama ilivyotawanyika nchi yenyewe: hapa kizuri, pale hakuna. Jambo jema ni kwamba tangu sheria ya 2017 unaweza kupiga picha za nyaraka kwa simu yako ndani ya hifadhi za umma bila malipo. Jambo baya lilikuja 2023, wizara ilipopanga ada za chini za kutumia picha za urithi wa taifa, watafiti wakapiga kelele, na mwaka uliofuata machapisho ya kitaaluma yakaondolewa mzigo huo. Ukiandika juu ya Italia, usipuuze kuuliza gharama ya picha mapema.

Meza iliyojaa na uwanja mpana

Giorgio Vasari alichapisha wasifu wa wasanii wa Italia mwaka 1550, akaurudia kwa kuuongeza 1568. Maana yake ni kwamba wakati Mombasa haijapata ngome, Italia ilikuwa tayari na mwanahistoria wa sanaa aliyekuwa akibishana na wenzake. Toka hapo watu hawajanyamaza. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya historia ya sanaa Firenze mwaka 1897. Roma wana maktaba ya utafiti iitwayo Bibliotheca Hertziana, tangu 1913. Bernard Berenson, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, alipofariki mwaka 1959 aliwaachia Harvard nyumba yake ya I Tatti, nje kidogo ya Firenze, pamoja na maktaba na picha zake, na leo wasomi wenye uzamivu hushindania nafasi ya kukaa pale mwaka mzima. Waingereza na Wamarekani wana nyumba zao Roma.

Hili ni neema na ni balaa. Neema, kwa sababu ni vigumu kupata nchi nyingine yenye maktaba nyingi namna hii za fani moja, na meza ya chakula cha mchana kwenye taasisi hizo imepika kazi nyingi kuliko semina. Balaa, kwa sababu chochote utakachotaka kusema juu ya Michelangelo kuna mtu alikisema kwa Kijerumani mwaka 1903. Mwanafunzi wa Italia hutumia mwaka wa kwanza mzima kutafuta kiti kisichokaliwa, na mara nyingi anakipata pembeni: mji mdogo, nyumba ya watawa, fundi wa vitambaa.

Upande wa Hispania wasomi ni wachache kwa eneo lililo kubwa mno. Neno lenyewe “Hispania” katika fani hii halimaanishi rasi ya Iberia peke yake. Linabeba Meksiko, iliyokuwa chini ya makamu wa mfalme tangu 1535, na Peru, na Bogotá, na Quito, na Manila ambako merikebu za biashara zilivuka bahari kwenda Acapulco kuanzia 1565 hadi 1815. Mojawapo ya kazi ninazozipenda kuliko zote si ya rangi wala ya mawe: ni picha ya Misa ya Mtakatifu Gregorio, iliyotengenezwa Mexico City mwaka 1539 kwa manyoya ya ndege na mafundi wenyeji, miaka 18 tu baada ya mji wao kuangushwa. Iko katika mji wa Auch, kusini mwa Ufaransa. Mtu wa kuiandika lazima ajue teolojia, ajue ndege, na ajue Kinahuatl, lugha ya wenyeji hao, na watu wa aina hiyo hawajai hata daladala moja.

Ndio maana idara nyingi, hasa Marekani, zikitafuta mwalimu wa karne hizi hufurahi kumpata anayeweza kufundisha Ulaya asubuhi na Amerika ya kikoloni mchana. Mtaalamu wa Italia akiingia kwenye mahojiano hayo anashindana na wataalamu wengine wengi wa Italia. Wa Hispania anabeba mzigo mkubwa zaidi wa kusoma, lakini foleni yake ni fupi. Kwa kijana asiye na jina kubwa la msimamizi nyuma yake, foleni fupi ni kitu.

Lugha, na bahati ya Mswahili

Nenda Malindi, Watamu, au kaskazini mwa Unguja, utawakuta vijana wa ufukweni wanaozungumza Kiitaliano cha kuuza kinyago na kuomba namba ya simu, hawajawahi kuingia darasani. Kwa mkazi wa Kenya, Italia pia ina kituo chake cha utamaduni Nairobi ambapo lugha hufundishwa. Kiitaliano, basi, kiko karibu.

Kihispania kiko mbali kwa masafa ila karibu kwa masikio. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, zile zile zetu, hazipindi. Na kwa kuwa Waarabu walitawala sehemu za rasi ile kwa karne nyingi, utakutana na ndugu zako njiani. Sukari yetu ni azúcar yao. Kadhi wetu ndiye alcalde wao, ingawa wao wamemfanya meya. Hata kiunganishi chao hasta, chenye maana ya “mpaka”, ni pacha wa neno letu “hata”. Yote mawili yametoka neno moja la Kiarabu. Mimi nilipogundua hilo nilicheka peke yangu maktabani hadi mlinzi akanikazia macho.

Lugha ya pili huwa haitoshi. Italia itakudai Kilatini, na Kijerumani cha kusoma, kwa sababu ya zile taasisi nilizozitaja. Hispania itakudai Kilatini kidogo, kisha ama Kireno, ama lugha ya wenyeji wa Amerika, kutegemea unakoelekea. Kireno kina faida nyingine kwetu, nitaifikia.

Fedha na ngazi

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kanuni hubadilika na anayekuambia kiasi kamili cha mwaka huu anakudanganya.

Kwa uzamili, Italia ni rafiki wa maskini. Mikoa hutoa msaada wa masomo unaotegemea kipato cha familia, na wageni wanaruhusiwa kuomba wakileta hati za kipato kutoka nyumbani zilizotafsiriwa na kuthibitishwa. Kupata hati hizo kwa mzazi ambaye ni mvuvi au muuza mboga ni safari ya ofisi tatu na kiapo kimoja, lakini watu wanazipata. Uzamivu wa Italia kwa kawaida ni miaka 3, nafasi zinatolewa kwa mchuano, nyingine zina posho na nyingine hazina. Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho kabla ya kushangilia.

Hispania, anayepata nafasi iliyofadhiliwa ya uzamivu hupewa mkataba wa kazi wa hadi miaka 4, wenye hifadhi ya jamii. Maana yake mwanafunzi anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Ni jambo kubwa. Baada ya hapo kuna mikataba ya muda ya ushindani, na ya kifahari zaidi, iitwayo Ramón y Cajal, ni ya miaka 5. Ili kupanda ngazi ya ualimu wa kudumu wa serikali unapitia tathmini ya wakala wa kitaifa uitwao ANECA. Italia nayo ilianzisha ithibati yake ya kitaifa kwa sheria ya 2010. Kote kuwili mgeni hujikuta akishindana na wenyeji waliokaa idarani tangu wakiwa na miaka 19, wanaobeba mikoba ya maprofesa wao. Sijui namna ya kulisema hili kwa upole zaidi.

Kwa hiyo wengi wetu huchukua uzamivu mahali pengine, kisha wakaenda Italia au Hispania kama watafiti. Vyuo vikubwa vya Marekani hulipia karo na kutoa posho kwa miaka kadhaa kwa anayekubaliwa, wakikudai kufundisha. Uingereza ni fupi zaidi ila karo ya mgeni ni kali. Kwa sanaa ya Hispania kuna vituo ambavyo watu hawavifikirii: Chuo Kikuu cha Durham kina kituo kinachobeba jina la Zurbarán, mchoraji Mhispania wa karne ya 17, si mbali na ngome ya maaskofu yenye picha zake za Yakobo na wanawe, Dallas kuna makumbusho ya Meadows, New York kuna Hispanic Society, iliyoanzishwa 1904. Kwa Italia vituo havihesabiki, na ndivyo walivyo waombaji.

Sisi tumo ndani ya picha

Msimamizi mmoja, simtaji wala chuo chake, aliwahi kuniuliza kwa nini sisomei vinyago vya kwetu. Nilimjibu kwamba yeye alikuwa Mnorwe aliyeandika juu ya Sicilia na hakuna aliyemuuliza habari za samaki. Hatukuelewana sana baada ya pale. Lakini swali lake lina nusu ya ukweli ambayo mwombaji wa Afrika Mashariki lazima aifikirie mapema: watataka uwe mtaalamu wa “Mwafrika katika sanaa ya Ulaya”, utake usitake.

Mada yenyewe ni nzito na nzuri. Juan de Pareja alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, akawa mtumwa katika karakana ya Velázquez. Mwaka 1650, wakiwa Roma, Velázquez alimchora: mabega yamenyooka, kola nyeupe, macho hayaombi kitu. Picha hiyo ilipouzwa 1970 ilivuka dola milioni 5, na sasa iko katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Miezi michache baada ya kumchora, Velázquez alitia saini hati ya kumwachia huru, kwa sharti la kutumikia miaka 4 zaidi. Hati hiyo haikupatikana Madrid. Ilipatikana Roma, katika majalada ya wanasheria wa mikataba, karne tatu na zaidi baadaye. Pareja mwenyewe alikuja kuwa mchoraji. Picha yake ya Wito wa Mathayo ya 1661 iko katika makumbusho ya Prado, Madrid, naye amejichora pembeni kushoto, ameshika karatasi yenye jina lake.

Halafu kuna Antonio Manuel ne Vunda, balozi aliyetumwa na Mfalme Álvaro II wa Kongo kwenda kwa Papa. Aliondoka 1604, akaporwa njiani, akacheleweshwa Lisboa na Madrid kwa sababu Hispania haikutaka Kongo iongee na Papa bila kupitia kwao, akafika Roma Januari 1608 akiwa hoi, akafa siku chache baadaye. Papa Paulo V alimtembelea kitandani. Sanamu yake ya kichwa na mabega, uso wa jiwe jeusi, bado iko katika kanisa la Santa Maria Maggiore. Watalii wengi huipita wakitafuta dari ya dhahabu.

Tazama kesi zote mbili. Jibu la Pareja, Mhispania, lilikuwa Italia. Nusu ya habari za Ne Vunda, aliyezikwa Italia, iko kwenye makaratasi ya Hispania. Ukitaka kuandika juu ya Waafrika wa karne hizi, mpaka kati ya meza mbili hauna maana tena, na yule aliyesoma upande mmoja tu atabaki na nusu ya mtu. Ushauri wangu: iandike mada hii, lakini isiwe tasnifu yako ya kwanza isipokuwa umeipenda mwenyewe. Anza na kitu ambacho hawakukitarajia kwako. Ukishaheshimiwa kama msomaji wa hati, urudi kwa Pareja ukiwa na nguvu zako.

Napoli, kwa wasiotaka kuchagua

Kuna mji mmoja unaovunja swali hili lote. Napoli, kusini mwa Italia, ilitawaliwa na makamu wa mfalme wa Hispania tangu mwanzo wa karne ya 16 hadi 1707. Caravaggio alikimbilia huko mwaka 1606 baada ya kuua mtu Roma, na picha yake ya Matendo Saba ya Huruma bado iko katika kanisa la shirika lile lile lililoiagiza. Jusepe de Ribera, mzaliwa wa Xàtiva karibu na Valencia, aliingia Napoli 1616 na hakurudi kwao tena mpaka alipofariki 1652. Waitaliano walimwita Mhispania mdogo. Makamu wa mfalme walikuja, wakatawala miaka michache, wakarudi kwao na shehena. Ndiyo maana picha kubwa ya Ribera ya Bikira, aliyoichora 1635 kwa makamu aitwaye Conde de Monterrey, leo haiko Napoli. Iko Salamanca, katika kanisa la masista.

Karatasi za Napoli ni za aina yake. Benki za hisani za mji huo ziliandika kwa kila malipo sababu ya malipo, kwa sentensi kamili, na daftari zake zipo hadi leo, rafu juu ya rafu. Humo ndimo yalimopatikana malipo ya Caravaggio ya 1606 kwa picha ya altare ambayo haijawahi kuonekana: tunajua aliyeagiza, tunajua watakatifu gani walitakiwa wawemo, picha yenyewe hatuna. Lakini tarehe 30 Septemba 1943 askari wa Ujerumani walichoma nyaraka za thamani kuliko zote za hifadhi ya Napoli, zilizokuwa zimefichwa katika nyumba ya shamba nje ya mji. Kilichoteketea hapo, nakala zake kwa sehemu zimebaki Simancas, kwa sababu makamu wa mfalme alilazimika kuripoti. Mtafiti wa Napoli, kwa hiyo, anasoma umbea wa benki kwa Kiitaliano na mihuri ya dola kwa Kihispania. Ni kazi maradufu. Ila kila idara itakayokutazama, ya Italia au ya Hispania, itakuona wake.

Kama ningekuwa na miaka 23 leo ningeanza hapo. Sikuanza hapo, nilianza Italia, nikatumia miaka 2 kutafuta kiti, nikahamia Hispania kwa kuchelewa na kwa deni.

Na ukirudi nyumbani?

Historia ya sanaa kwetu hufundishwa zaidi ndani ya idara za sanaa au za historia, mara chache ikiwa na nyumba yake. Hakuna atakayekuajiri Dar es Salaam au Nairobi ufundishe Bernini, mchongaji wa Italia, mwaka mzima. Utafundisha mambo mengi, na Bernini atapata juma moja. Hapa Hispania, pamoja na Kireno ulichojifunza njiani, inasogea karibu na pwani yetu kuliko Italia. Ngome ya Yesu iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2011 na iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kilwa Kisiwani kuna jengo liitwalo Gereza, neno ambalo kabla ya kufungia watu lilikuwa igreja, kanisa, kwa Kireno. Katika ile miaka 60 ya mataji mawili, mambo ya Ureno, na pwani yetu ikiwemo, yalipitia baraza lililokaa karibu na mfalme wa Hispania. Pembe za ndovu za Msumbiji zilikwenda Goa zikawa sanamu za Mtoto Yesu. Mtu anayeweza kusoma hati hizo na pia kueleza kwa nini boma la Mombasa lina pembe kali za Kitaliano ana kazi ya kufanya hapa, hata kama cheo chake hakijapewa jina.

Kama bado umekaa njia panda, fanya hivi jioni moja yenye intaneti ya maana. Fungua PARES, tafuta hati yoyote ya karne ya 16 iliyopigwa picha. Kisha fungua jukwaa la mtandaoni la mradi wa nyaraka za Medici, chukua barua moja. Nakili mistari 10 ya kila moja kwa mkono wako, kwenye daftari, herufi kwa herufi, hata usipoelewa neno. Lala. Asubuhi angalia ni ipi umeirudia kabla hujanywa chai.